Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe: unachokilipia, na namna ya kukipata chote

Sharti moja ndilo linalolitenga tamasha la Sauti za Busara na shoo nyingi za ukanda huu: anayepanda jukwaani apige na aimbe mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Hakuna kuwekewa wimbo uliorekodiwa halafu msanii akazunguka na maikrofoni akiitikia maneno mawili matatu. Sharti hilo ndilo utamu wa tamasha, na hilo hilo ndilo chanzo cha karibu kila kinachoudhi humo ndani. Anayelijua hilo kabla ya kununua tiketi hupanga usiku wake vizuri. Asiyelijua utamsikia saa tatu usiku akinung'unika kwamba waandaaji hawakujipanga, kumbe jukwaani kuna fundi amepiga magoti anatafuta waya wa fidla.

Tamasha hufanyika Mji Mkongwe, Zanzibar, kila Februari tangu 2004, chini ya Busara Promotions. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na si ajabu. Bendi ya watu kumi kutoka Afrika Magharibi ina nauli kumi za ndege, vitanda kumi, na mizigo ya ala juu yake. Mwenye plebaki, yaani anayeimbia juu ya wimbo uliorekodiwa, huja na mtu wa kuchezesha muziki na wachezaji wawili. Tiketi za mlangoni peke yake hazibebi mzigo huo bila wafadhili. Mwaka 2021, wakati matamasha mengi duniani yamefungwa kwa sababu ya UVIKO, hili lilifanyika, ingawa kwa siku chache zaidi.

Moyo wa tamasha ni Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kutimuliwa, na ambayo baadaye iliwahi kuwa jela na karakana ya reli ya Bububu. Ndani yake mna nyua mbili. Ua mkubwa una nyasi na jukwaa kuu. Huko watu husimama. Ua wa pili una ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara. Huko watu hukaa, ingawa ngoma ikikolea hakuna anayebaki chini. Kuna miaka ambayo jukwaa la tatu huwekwa nje, bustani ya Forodhani, na pale kusikiliza ni bure. Nyongeza zinazofanyika kisiwani nje ya ratiba kuu huitwa Busara Xtra; nyingi ni ndogo, na kwa mpenzi wa taarab huenda zikawa bora kuliko jukwaa kuu.

Sasa sauti, maana ndiyo bidhaa yenyewe inayouzwa.

Kuta za ngome ni mawe na chokaa, ndefu, ngumu, hazinyonyi kitu. Kwenye joto la Zanzibar sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde. Ukisimama mita 20 mbele ya ukuta wa nyuma, sauti hukupita, hugonga ukuta, hurudi baada ya zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sikio linaihesabu kama pigo la pili. Matokeo yake ile ngoma kubwa ya dramu inayopigwa kwa mguu husikika mara mbili na maneno ya mwimbaji hutafunana. Ukijibanza ukutani kabisa unaukimbia mwangwi, lakini unaangukia shimo jingine: besi hujikusanya kwenye kuta na hasa kwenye pembe, nawe unasikia ngurumo badala ya noti. Mbele kabisa, kwenye uzio, nako si pazuri kama watu wanavyodhani. Spika kubwa zimeelekezwa kupita juu ya vichwa vyenu, kwa hiyo mnachopokea zaidi ni dramu na amplifaya za jukwaani, huku sauti ya mwimbaji ikiwapita.

Pa kusimama ni karibu na meza ya fundi mitambo, hatua chache mbele yake au ubavuni, katikati ya spika za kushoto na kulia. Fundi anachanganya sauti kwa masikio yake. Palipo sawa kwake patakuwa sawa kwako. Tena ua mtupu hulia kuliko ua uliojaa, kwa sababu miili ya watu hunyonya sauti za kati na za juu. Ndiyo maana bendi ya saa kumi na moja jioni husikika kama inapigia ndani ya tangi, na ile ya saa nne usiku, kwa spika zile zile, husikika safi. Usiihukumu bendi ya jioni kwa mwangwi wa ua.

Ukumbi wa ngazi una tabia nyingine. Ni mdogo, mkaaji wa juu hayuko mbali na jukwaa, na ngazi zenyewe huivunja sauti isirudi moja kwa moja. Ala za nyuzi hukaa vizuri zaidi huko. Kama ratiba imeweka udi, kanuni (ala ya kulaza yenye nyuzi nyingi) au kora (kinubi cha Afrika Magharibi) kwenye ukumbi na bendi ya dansi kwenye ua mkubwa, mpangaji amejua anachofanya. Ikiwa kinyume, sogea karibu na meza ya fundi na uombe subira.

Kwa nini mabadilishano ya bendi huchukua muda? Chukua kundi la taarab lenye fidla tatu, kanuni, udi, akodiani, besi, ngoma za dumbaki na bongo, na waimbaji wanne. Kila ala inataka maikrofoni yake au waya wake, na kila mpigaji anataka kujisikia kwenye spika ya miguuni pake. Kanuni na udi zina sauti ndogo, kwa hiyo fundi hulazimika kufungua maikrofoni sana. Akizidisha kidogo tu, maikrofoni inaisikia spika na mitambo inapiga mluzi. Mazoezi ya sauti hufanywa mchana, na mixa ya dijitali, yaani meza ya kuchanganyia sauti, huhifadhi mipangilio, lakini usiku hali ya hewa si ile ya mchana. Unyevu wa baharini hulegeza ngozi za ngoma, wapigaji wakataka kuzipasha joto, na nyuzi za udi zilizowambwa juani hupotea sauti. Ukiona mtu anakaza vigingi huku umati unapiga miluzi, huyo anakuokoa na saa nzima ya noti mbovu.

Ratiba huyapishanisha majukwaa mawili ya ngome: huku wanapiga, kule wanafunga waya. Kwa karatasi unaweza kuona kila bendi. Kwa miguu ni shida, kwa sababu umati wote huhama pamoja na njia ya kati ya nyua mbili ni nyembamba. Cha kufanya ni kimoja kati ya viwili. Ama uondoke wimbo mmoja kabla ya bendi kumaliza, upate nafasi nzuri upande wa pili. Au ubaki ulipo hadi msongamano uishe, ukubali kukosa dakika kumi za mwanzo. Anayeondoka wakati wa makofi ya mwisho hupoteza vyote viwili. Jichagulie bendi nne au tano kwa usiku, si zote, na angalau mbili ziwe zile usizozijua majina. Busara haijawahi kuwa tamasha la majina makubwa ya redioni. Anayekuja kumtafuta nyota mmoja wa Bongo Fleva atatumia pesa yake vizuri zaidi kwenye shoo ya Dar. Na anayetaka kucheza muziki wa mashine hadi alfajiri na kulala kwenye hema, tamasha la Nyege Nyege la Uganda ndilo saizi yake.

Tahadhari ya saa. Ratiba huchapishwa kwa saa za Kizungu, 19:00, 20:30 na kadhalika, ilhali mwenyeji utakayemuuliza njiani atakujibu saa moja, saa mbili na nusu. Kila mwaka kuna wageni wanaofika saa sita baadaye au mapema. Piga picha ya ratiba uiweke kwenye simu, kwa sababu umati ukijaa mtandao hulemewa na ukurasa haufunguki. Kwa sababu hiyo hiyo mkubaliane na wenzio mahali pa kukutania kabla ya kuingia. Mnara mmojawapo wa ngome unatosha. Ujumbe wa "upo wapi" unaweza kufika mkiwa mmeshalala.

Tiketi huuzwa za siku moja na za siku zote, na bei hutofautiana kwa uraia na ukaazi: Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Beba kitambulisho, maana bila hicho huna cha kuonyesha mlangoni ukidaiwa bei ya mgeni. Ukishaingia unavalishwa ukanda wa mkononi. Uvae mkono usiobeba saa, usikazwe hadi kuumiza, na usiuvue kwa ujanja ili kumwazima mwenzio, kwani uliokatika au kunyooshwa hukataliwa. Kwa siku moja tu, chagua kwa kuangalia ratiba ya ukumbi wa ngazi kwanza, jukwaa kuu baadaye. Tiketi ya siku zote huleta faida kwa anayelala Mji Mkongwe, kwa kuwa unaweza kwenda chumbani kuoga na kurudi.

Malazi ndiyo kosa kubwa la wanaokuja mara ya kwanza. Wanachukua hoteli ya ufukweni Nungwi au Paje, kiasi cha kilomita 50 hadi 60, kisha usiku wa manane wanahesabu nauli ya teksi. Muziki huendelea hadi baada ya saa sita usiku. Lala mitaa ya Mji Mkongwe kama Shangani, Hurumzi, Malindi au Vuga, utembee kwa miguu. Wa kutoka Dar wasijidanganye kwamba watakwenda na kurudi siku ile ile: boti za abiria za mwendo kasi huchukua kama saa mbili, na ya mwisho huondoka alasiri, kabla bendi kubwa hazijapanda. Nafasi za wikendi ile hujaa. Kata tiketi ya boti ya kurudi pamoja na ya kwenda. Wageni wa kigeni waingiao Zanzibar wana gharama moja zaidi tangu Oktoba 2024, bima ya lazima ya safari ya dola 44. Vichochoroni usiitegemee ramani ya simu, inayumba kati ya kuta ndefu. Shika alama za bahari upande mmoja na soko la Darajani upande wa pili.

Februari ni kaskazi, joto kali na mvua haba. Jua linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo bendi mbili za kwanza utazisikiliza ukitokwa jasho. Kunywa maji kabla ya kuingia, si ukishaona kizunguzungu. Vaa viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa ardhi haiko sawa na gizani utakanyagwa. Khanga moja itakufaa kuliko vyote: mchana mawe ya ngazi yana moto, usiku ni magumu, na njiani unajifunika mabega. Mji Mkongwe ni mji wa watu wanaosali. Mabega na magoti wazi yanaweza kupita ndani ya ngome, lakini siyo mbele ya barza ya wazee. Mfuko wa plastiki acha nyumbani, umepigwa marufuku.

Masikio yana hesabu yake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba sauti kwenye kumbi za burudani isizidi wastani wa desibeli 100, na kwamba wasikilizaji wapatiwe vizibo vya masikio. Usingoje kupewa. Nunua vya mpira vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki, vinavyopunguza sauti zote kwa uwiano. Vya sponji vya kiwandani hufuta sauti za juu na kukuachia besi tupu. Ukibeba mtoto, vya kufunika sikio zima.

Chakula hakina fumbo, Forodhani ni mlango wa pili. Urojo, mishikaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, vyote nafuu kwa mfuko. Pweza na kamba wa kwenye meza ndio wa kuangaliwa: baadhi huwa wamechomwa mapema na hupashwa tu. Chagua jiko lenye foleni ya wenyeji, na uliza bei ya kila kijiti kabla sahani haijajazwa. Nenda saa moja jioni au baada ya saa nne. Katikati ya hapo unapoteza bendi nzima kwenye foleni.

Lawama moja kwa tamasha lenyewe: mtu mwenye magoti mabovu, au wa kiti cha magurudumu, ngome hii haikujengwa kwa ajili yake. Mawe hayako sawa, ngazi hazina pa kushika, na ua mkubwa haukupi pa kuketi. Ukimpeleka mzee, fika lango linapofunguliwa, mkalishe ngazi ya pili au ya tatu ya ukumbi, pembeni karibu na njia ya kutokea, na mwondoke kabla ya bendi ya mwisho.

Tarehe husogea. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na sasa imeshaingia Februari, kwa hiyo usikate nauli kwa kukariri wikendi ya mwaka jana. Subiri tarehe rasmi, halafu kata boti na chumba siku ile ile.