Rejista ya UN ya vyombo vya anga za juu: huduma nzuri na ya bure, sheria yake ndo legevu

Ile pete ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku kule Makueni tarehe 30 Desemba 2024, kipenyo kama mita 2.5 na uzito kilo 500 hivi, kila mtu aliuliza hii ni mali ya nani. Basi kuna mahali pa kuanzia kutafuta majibu ya namna hiyo, orodha ya mtandaoni ya UNOOSA, ofisi ya UN ya anga za juu iliyoko Vienna. Hulipi kitu, ila tumia kompyuta kama unayo maana jedwali ni pana.

Unapata namba ya kimataifa ya chombo, nchi, tarehe ya kurushwa, kama kimesajiliwa au la, na linki ya barua ambayo nchi yenyewe iliiandikia UN. Hiyo barua ndo naipenda kuliko vyote, unasoma serikali ilichokiri kwa maandishi.

Mfano tafuta namba 1970-107A. Hiyo ni Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Satelaiti ya NASA, roketi ya Scout ya Marekani, waliorusha ni Waitaliano, na bahari ni ya upande wetu Kenya. Sasa ingekuwa leo, Mkataba wa Dhima wa 1972, ule wa fidia ya madhara ya vyombo vya anga, unahesabu aliyerusha, aliyeagiza kurushwa na hata mwenye eneo au kituo kilichotumika, wote wanabeba dhima kwa pamoja na anayedai anaweza kumdai yeyote kati yao fidia yote. Lakini rejista inataka nchi moja tu iandikishe, na zinatakiwa zikubaliane zenyewe ni nani. Ndo maana ushirikiano kama wa Taifa-1, satelaiti ya Kenya iliyotengenezwa pamoja na kampuni ya Bulgaria ikarushwa na SpaceX Marekani Aprili 2023, mimi naufurahia sana ila nataka mambo ya dhima yaandikwe kabla roketi haijawashwa.

Shida kubwa iko kwenye Mkataba wa Usajili ulioanza kutumika 1976. Hauna siku ya mwisho, unasema tu taarifa ipelekwe mapema iwezekanavyo, na kuna nchi zinasajili satelaiti halafu vipande vya roketi wanaviacha. Shirika la anga la Kenya lilisema ile ya Mukuku ni pete ya kutenganishia roketi, yaani hapo hapo rejista inapopwaya.

Na mkulima kitu kikimwangukia shambani hawezi kudai mwenyewe kwa ule Mkataba wa Dhima, serikali yake ndo inapeleka dai kidiplomasia, na muda ni mwaka 1. Canada walifanya hivyo baada ya satelaiti Cosmos 954 ya Wasovieti kuwamwagia vipande vyenye mionzi Januari 1978, wakadai kama dola milioni 6 za kwao, wakaja kulipwa milioni 3 mwaka 1981. Na hapo mwenye chombo alikuwa anajulikana!

Mikataba yote imewekwa kwenye tovuti ya UNOOSA kwa lugha 6 za UN, Kiswahili bado, na inaniuma kwa kweli kwa sababu vyuma vinaangukia vijijini kwetu.

Nyota 4 kati ya 5. Waandishi wa habari na wanafunzi wa sheria ifungueni. Jina likigoma tumia namba, maana chombo kimoja kinaweza kuwa na majina kibao, Uhuru hiyo hiyo ni Explorer 42 na pia SAS-1.