Boksi la kurekebishia snoubodi nyumbani: nimelitumia hapa Moshi, hivi ndivyo lilivyo

Wadau, hii nawaandikia hasa ndugu zetu mlioko Dubai, Ujerumani na kwingine kwenye barafu ambao mmeshaanza kuteleza kwenye theluji na mna snoubodi, yaani ubao wa kutelezea, wenu wenyewe, maana kila nikisema nautengeneza wangu nyumbani Moshi watu wananiuliza vifaa natoa wapi na kama lile boksi linalouzwa mtandaoni lina maana yoyote. Lina maana. Ila ni kwa mikwaruzo na vidonda vidogo tu, halafu kuna vitu viwili humo ndani mimi nimeviweka pembeni kwa sababu hadwea za hapa mjini zina vizuri kuliko hivyo na kwa bei chee.

Mimi kazi yangu iko Dubai na natelezea Ski Dubai, ile ya ndani ya Mall of the Emirates iliyofunguliwa 2005, njia yake ndefu kuliko zote ina mita 400. Mle hakuna mawe, theluji inatengenezwa na mashine, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ubao hauumii. Unaumia sana tu. Zile reli za chuma za kuchezea zinachimba soli, yaani upande wa chini wa ubao, na mwenzako akikupandia ubao kwenye foleni ya lifti eji zake, zile kingo za chuma za pembeni, zinakata. Nikija likizo nakuja nao nyumbani kwa sababu kule tunaishi wengi chumba kimoja, huwezi kuwasha plastiki humo ndani watu wavute moshi, wakati huku mtaani Pasua, Moshi, nyuma ya nyumba kuna nafasi na hewa ya kutosha, na nikikwama fundi yupo jirani.

Ndani ya boksi kuna mishumaa ya P-Tex, myeusi na myeupe, kikwanguo cha chuma, kikwanguo cha plastiki, kijiwe cha kusugulia eji, karatasi za msasa, kipande cha nta na mirija miwili midogo ya epoksi, ile gundi ya kuchanganya. Nililipa kama dirhamu 150.

Nianze na mishumaa maana ndiyo roho ya boksi lote. Soli ya snoubodi ni polietilini, yaani jamii moja na plastiki ya madumu ya mafuta ya kula, ila hii ya ubao ni ngumu zaidi na haichakai haraka. P-Tex nayo ni polietilini iliyotengenezwa kwa umbo la kijiti, unaiwasha inayeyuka inadondoka ndani ya mkwaruzo. Kama umeshawaona mafundi wanaoziba ndoo na viti vya plastiki kwa chuma cha moto basi kazi ushaielewa, plastiki ya moto inashikana na plastiki ya aina yake. Hapo hapo niseme, msikate dumu mkajazia soli, kuna jamaa alinishauri hivyo na alikuwa na nia njema kabisa, lakini plastiki ya dumu ni laini, utaijaza leo na itachubuka siku ya kwanza tu ukigusa reli.

Sasa karatasi ya maelezo iliyomo humo inasema washa, dondoshea, subiri, kwangua. Basi. Kwangu hapo ndipo boksi lilipopungukiwa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu jambo la muhimu kuliko yote halijaandikwa: masizi. Mshumaa ukishawaka unatoa moto mrefu wa njano na moshi mweusi, na yale matone ya mwanzo yanakuwa na masizi ndani yake, ukiyadondoshea kwenye soli unapata kidonda chenye madoadoa meusi na plastiki inabanduka kwa kucha. Unachotakiwa kufanya ni kushika kikwanguo cha chuma mkono mwingine, unadondoshea hapo kwanza huku unauzungusha mshumaa taratibu mpaka moto uwe mfupi wa bluu na matone yatoke masafi, ndio unahamia kwenye ubao, na ukifika kwenye ubao ncha ya mshumaa usiinyanyue juu, iwe karibu kabisa na soli, maana tone likisafiri hewani linapoa na linabeba masizi. Moto ukirudi wa njano unarudi kwenye chuma. Kwenye soli nyeupe au ya rangi hili ni la lazima, kwenye nyeusi masizi yatajificha kidogo kwa macho lakini ushikaji utakuwa mbovu vilevile.

Kabla ya hapo kidonda kisafishwe, nyuzi zilizosimama pembeni zikatwe kwa kisu chenye makali, ufute kwa spiriti na uiache ikauke kabisa kabla ya moto wowote. Mafuta ya taa na petroli hapana, mafuta ya taa yanaacha utelezi ambao plastiki haitashika, na petroli karibu na mshumaa unaowaka sidhani kama nahitaji kueleza. Vaa viatu vya kufunika, tone la P-Tex likikuangukia mguuni kwenye kandambili linang'ang'ania na ngozi linaondoka nayo. Watoto wakae mbali.

Jaza mpaka ipande juu kidogo ya soli kwa sababu ikipoa inasinyaa, halafu iache nusu saa hivi ndipo ukwangue. Kikwanguo cha chuma cha kwenye boksi ni kizuri, ukingo wake umenyooka na una makali, kimekaa vizuri mkononi. Ukikwangua ikiwa bado ya moto unaing'oa yote.

Mikwaruzo ya kina kisichozidi milimita moja imetoka safi kabisa kwenye ubao wangu, nimepitisha kidole sihisi kitu, na nimeshateleza nao tena na plastiki bado ipo.

Ila boksi kwa nje limeandikwa kwamba linatibu kila aina ya kidonda na hapo sikubaliani nalo hata kidogo. Kidonda kikishafika chini mpaka unaona nyuzi za faiba au mbao, au kikiwa kimegusa eji ya chuma, mshumaa haushiki. Polietilini haigandi kwenye chuma wala kwenye mbao, itakaa siku mbili itatoka na maji yataingia, na maji yakiingia kwenye mbao za ndani ubao unavimba na tabaka zinaanza kuachana. Cha kwanza kwenye kidonda kama hicho ni kukausha, siku kadhaa kivulini penye upepo, usiuweke kwenye jua kali la Moshi mchana kutwa. Halafu epoksi chini kufunika mbao, na kama ni kipana kinakatwa umbo na kubandikwa kiraka cha soli, hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa vyake, siyo ya hili boksi.

Na tukishafika kwenye epoksi, mirija iliyomo ni ile ya kukauka kwa dakika tano na ni midogo mno. Ubao wangu kichwani tabaka la juu lilikuwa limebanduka kidogo baada ya kubamizwa kwenye usafiri, nikaacha ile ya boksi nikaenda hadwea karibu na soko la Mbuyuni nikanunua epoksi ya kukauka polepole, ile ya saa 24, kwa sababu inakupa muda wa kuisukuma ndani mpaka mwisho wa ufa na ikikauka haiwi ya kukatika katika kama ya haraka. Unapanua ufa kidogo kwa wembe, unaingiza gundi, unafunika na karatasi ya nailoni ili klempu, kile kibanio cha fundi, isigande hapo, unabana na vibao viwili juu na chini. Klempu nimeazima kwa fundi seremala, mafundi wetu wako poa sana ukiwaeleza unachofanya, huyu alikuja mwenyewe kuangalia jinsi mbao zilivyopangwa pembeni mwa ubao na akanionyesha wapi nibane ili presha isambae sawa. Superglue msijaribu, ubao unapinda kila sekunde na ile gundi haipindi.

Kitu cha pili nilichoweka pembeni ni msasa, umeisha unga kwenye soli kabla kazi haijaisha. Msasa wa maji namba 240 na 400 unapatikana kila hadwea, karatasi moja haifiki buku mbili.

Kijiwe cha eji kinatosha kuondoa kutu na vile vimeno vya chuma vinavyobaki ukigonga reli. Eji ikigongwa ile sehemu inakuwa ngumu kuliko chuma kingine, kwa hiyo anza na kijiwe kabla ya tupa, ukianza na tupa unaiua tupa. Kunoa kwa nyuzi 88 au 89 kunahitaji kishikio cha kupimia pembe na humu hakimo, kwa hiyo msipige tupa kwa kukisia.

Nta iliyomo ni ya kawaida, inafanya kazi kwenye joto la chini kidogo ya sifuri kama la Ski Dubai. Pasi haimo. Zile pasi nzito za zamani zisizo na matundu ya mvuke zinafaa sana, joto lake halirukiruki, tafuta kwenye vitu vya mitumba, na ukishaitumia hapa usiirudishe kwenye mashati. Nta ikitoa moshi punguza moto, na pasi isisimame sehemu moja hata kidogo maana soli inaungua. Pasi ya mkaa isahauni, huwezi kupima joto na majivu yanadondoka kwenye nta. Ubao ukiwa unauacha nyumbani miezi mingi paka nta nene usiikwangue, pitisha na kwenye eji, hewa ya masika hapa inaleta kutu haraka.

Kwa mtu anayeanza na hana chochote, nunua, hasa kwa ajili ya mishumaa na kile kikwanguo cha chuma ambavyo hapa Moshi wala Arusha sijaviona dukani. Kama tayari una kikwanguo na kijiwe, agiza mishumaa peke yake, chukua ya rangi ya soli yako, vingine vyote utavipata Mbuyuni asubuhi moja.