Leseni yangu ya kujifunzia ililala kwenye droo

Naandika nikiwa na hasira. Mume wangu kaniambia nilale kwanza, kesho ndiyo niandike. Sijalala.

Chuo sikitaji. Ni kimojawapo cha vile vyuo vya udereva vya hapa Dar, vya ofisi ya chumba kimoja, bango la alama za barabarani limepauka ukutani mpaka nyekundu imegeuka pinki, na nje gari moja la gia za mkono. Nilijiunga siku za mvua, mwaka jana kama sikosei, nilipochoka kupakia masufuria ya pilau kwenye bajaji za watu. Mimi napika chakula cha shughuli. Pilau ikipanda bajaji inashuka bokoboko.

Nikalipa ada, na pembeni nikalipa 10,000 ya leseni ya kujifunzia. Namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa nikatoa, TIN ya mlipakodi nikatoa, picha na alama za vidole nikaenda mwenyewe, nikapanga foleni kama watu wote na mchana nilikuwa nimeshamaliza. Huko sina neno. Kilichobaki, dada wa mapokezi akasema, niwaachie wao. "Ikitoka unaikuta hapahapa, mama. Wewe endelea na masomo."

Basi nikaendelea.

Wiki ya pili namuuliza, "Mdogo wangu, leseni yangu vipi?" Mtandao unasumbua. Wiki iliyofuata, mtandao. Iliyofuata, aah mama, asubuhi ulikuwepo, ungewahi. Nikawahi. Saa mbili kamili nipo mlangoni na kanga yangu, naambiwa mtandao wenyewe bado haujatulia. Yote hayo anayasema macho yako kwenye simu yake anaangalia vichekesho, na hiyo simu sijawahi kuona mtandao ukiisumbua hata siku moja.

Nikavumilia. Mwalimu alikuwa ananipeleka barabarani hivyohivyo, na mimi sikuuliza. Hilo ni kosa langu, nalikubali, lakini mwanafunzi atajuaje? Unaona L nyekundu mbele na nyuma, unaona mwalimu kakaa pembeni yako na breki yake ya ziada, unadhani umekamilika.

Mpaka siku hiyo, barabara ya Bagamoyo. Nilikuwa naendesha vizuri, nasema hivyo kwa sababu siku za namna hiyo zilikuwa chache. Trafiki akanyoosha mkono, mama mtu mzima. Shikamoo afande. Marahaba. Akaomba leseni ya mwalimu, akapewa. "Na yako ya kujifunzia?"

"Ipo chuoni afande, ila mtandao..."

"Iko mkononi?"

"Hapana."

"Basi shuka."

Hakunitukana, hakuomba kitu. Alikuwa sahihi, na ndiyo maana inauma. Nikashuka na kitenge changu, nikazunguka nyuma ya gari kwenye hiyo L kubwa kama sahani, daladala imesimama foleni ubavuni, nikajibana kiti cha nyuma kati ya vijana wawili wa umri wa mwanangu. Konda akatoa kichwa: "Mama karudia darasa!" Daladala nzima ikacheka. Mwalimu akaandikiwa faini, 30,000, kwa ajili yangu. Njia nzima hakusema neno.

Tulivyofika chuoni dada hayupo, kaenda kula. Mwalimu akaenda moja kwa moja kwenye meza yake. Ile droo inakwama, haivutiki hivihivi, lazima uiinue kidogo kwa chini ndipo uvute. Ndani kulikuwa na kitabu cha risiti, chaja, karanga nusu mfuko, na karatasi zimefungwa kwa kibanio cha nywele. Ya nne ilikuwa yangu. Alama ya kikombe cha chai imekaa duara kamili kwenye paji la uso wangu.

Nikatazama tarehe. Ilitoka siku mbili baada ya mimi kutoa vidole. Siku mbili! Na leseni ya kujifunzia ni ya miezi mitatu tu. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Muda wote huo nalishwa mtandao, leseni imelala kando ya kiwiko cha yule binti.

Akarudi na kijiti mdomoni. Unajua alisema nini? "Kumbe ilishatoka?" Nikamwambia siku tisa hazinifikishi kwenye mtihani, itabidi nilipie nyingine, na hiyo 10,000 ni yenu kunilipia. Akaniangalia kama nimeomba figo. "Mama, chuo hakirudishi hela ya serikali."

Nikalipa. Mara ya pili. Chuo cha hovyo, msiende.

Sasa hapa ndipo napata tabu, maana mwalimu wangu alikuwa wa chuo hichohicho, na yule mzee sijapata kuona mtu anayefundisha kama yeye. Ameendesha semi miaka mingi njia ya Tunduma kabla mgongo haujamgomea. Hapigi kelele. Ukikosea anagonga dashibodi kwa funguo, mara moja tu, anasubiri ulitafute kosa mwenyewe. Wiki nzima gari lilikuwa linanizimikia, nikadhani mimi na klachi hatukuandikiwa. Siku moja akaniuliza, "Binti yangu, una watoto?" Nnao. "Walikuwa wakikulalia mkono, unautoaje?" Taratibu, baba. "Basi na klachi iachie hivyo." Toka siku hiyo gari halikuzima tena. Haya, lilizima mara mbili kwenye kipilefti, lakini pale kulikuwa na bodaboda.

Na mlima alinifundisha wakati Dar haina mlima wa maana. Gia unayopandia ndiyo unayoshukia, anasema. Mlima Kitonga amewaona wengi walioshuka kwa kutegemea breki tupu, zikapata moto zikaacha kushika. Hata tela alinieleza, kwa kiberiti na boksi la dawa ya meno juu ya boneti: ukirudi nyuma, usukani ukienda kulia mkia wa tela unaelekea kushoto. Sina tela wala sitakuwa nalo, ila nilielewa, na sasa nikiliona semi linarudi nyuma Mandela Road nakaa mbali nalo kwa adabu.

Mtihani nilipita. Leseni ya kuendesha nikalipia 70,000, miaka mitano, na sufuria sasa linapanda gari langu. Ile faini yake nilijaribu kumrudishia mzee, akaniambia nimpelekee pilau. Nikampelekea.

Kwa hiyo nikisema msiende, nasema uongo, kwa sababu mwenyewe nimempeleka mdogo wangu wa kiume palepale. Kwa ajili ya mzee. Nikamwelekeza kabisa: ukishatoa vidole fuatilia mwenyewe, usimwachie mtu. Kijana wa siku hizi akasema dada unakuza mambo, wameniambia wataniletea.

Leo magharibi kanipigia simu. Wiki ya tano hii. Anasema dada, yule wa mapokezi anasema mtandao unasumbua.

Jumamosi naenda mimi. Sitauliza mtu. Droo ile naijua, unainua kidogo kwa chini, ndipo unavuta.