Sahihi ya bingwa iko safi, mraba wa f3 umekufa

Nayaandika haya nikiwa na hasira, na sitangoja ipoe. Nimeingoja tangu kabla ya Krismasi.

Ni mashine ya kuchezea sataranji, ule ubao wenye kompyuta ndani. Mambo ya betri, viwango vingapi na waya gani, mtayakuta kwenye tangazo lao. Kampuni siitaji. Bingwa ambaye picha yake imejaa sanduku zima naye simtaji. Jueni tu kwamba ni bingwa wa kweli, grandmasta, kile cheo cha juu kabisa cha sataranji, ambaye hata mtu asiyejua farasi anatembeaje amewahi kulisikia jina lake.

Tunaishi Hamburg, Ujerumani. Mwanangu ana miaka 11, na shuleni kwao kuna klabu ya sataranji iliyomteka mzimamzima. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye bohari la bandarini. Nikirudi yeye anakwenda shule, akirudi mimi nimelala, kwa hiyo mwenzake wa kucheza naye nyumbani hana. Siku hiyo tulikuwa tunapita tu mjini, akaganda kwenye kioo cha duka la michezo. Sanduku jeusi, bingwa kakaa nyuma ya kete, kidevu juu ya ngumi, macho yanakutazama wewe. Chini upande wa kulia sahihi yake, rangi ya dhahabu. Mtoto hakuuliza bei wala hakuomba. Alisema tu, "Baba, ni yeye."

Nikaingia, nikatoa euro 180 na ushee. Rafu hiyohiyo kulikuwa na ubao mwingine wa kompyuta, hauna picha ya mtu yeyote, bei yake pungufu kwa euro 70. Niliuona kwa macho yangu, nikaupita. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, ndiyo maana nalitaja mapema.

Wiki za kwanza, lazima niseme ukweli, nyumba ilikuwa na raha. Kitabu cha maelekezo kinaanza na barua ya bingwa kwa mnunuzi, ukurasa mzima, na sahihi tena. Mwanangu aliisoma mpaka akaikariri. Akifungwa, hakusema "kompyuta imenifunga". Alisema "bingwa kanifunga", na alisema kwa fahari kabisa. Jumapili moja nimekaa naye na chai yangu, mashine ina kete nyeupe. Ikamtoa askofu wake bure pale h7 (kila mraba wa ubao huitwa kwa herufi na namba). Mtoto akamla kwa mfalme, akanigeukia anacheka: "Baba, imekosea!" Haikukosea. Farasi aliyekuwa f3 akaruka g5 akimtishia mfalme, malkia akatokea h5, na baada ya hatua chache mfalme mweusi hana pa kukimbilia. Mtoto akabaki mkono hewani. Kisha akazipanga kete zote upya, moja moja, akaanza kuurudia mchezo peke yake toka mwanzo aone alipoingia mtegoni. Nilisisimka. Usiku ule kazini niliwaambia wenzangu: mwenye mtoto anunue.

Kauli hiyo naifuta. Au nusu yake naifuta, mtaona mbele.

Sikumbuki ilikuwa mwezi wa ngapi f3 ilipokufa. Ubao wenyewe unafanya kazi hivi: chini ya kila mraba kuna swichi nyembamba kama ule utando wa ndani ya ganda la yai. Unaibonyeza kete kidogo pale inapoondoka, unaibonyeza tena pale inapotua, mashine inalia tii. Ikiwa zamu yake, inawasha taa mbili, moja kwenye herufi na moja kwenye namba, halafu inangoja uisogezee kete yake. Asubuhi moja mwanangu akabonyeza farasi g1, tii. Akabonyeza f3, kimya. Akarudia. Kimya. Akageuza kete akabonyeza kwa kichwa chake. Kimya. Miraba 63 inasikia, mmoja umeziba masikio. Wachezaji wananielewa: ingekufa a6 huko pembeni tungevumilia. Lakini f3 ni mlango wa nyumba. Farasi wa mfalme karibu kila mchezo anatokea hapo.

Dhamana bado ipo, risiti ninayo, sanduku ninalo. Nikalala saa mbili tu baada ya zamu, nikambeba mtoto na mashine yake mpaka dukani.

Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mzee. Muuzaji akazungumza naye kwa "Sie", ile namna ya heshima ya Kijerumani. Ikafika zamu yangu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akanipokea kwa "du", kama anavyoongea mtu na mtoto au na rafiki yake wa siku nyingi. Anayeishi nchi hii anajua maana yake. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na mtoto na nilitaka mashine itengenezwe.

Akaibonyeza f3 kwa kidole gumba, mara moja, kwa nguvu. Kimya. Akamtazama mwanangu, si mimi. Akasema mtoto ameponda. Nikamwambia mtoto huyu hushika kete kama anashika kifaranga, njoo umwone. Hakunijibu. Akaligeuza sanduku, akaona utepe umekatwa, akatikisa kichwa. Ndipo akasema neno ambalo mpaka leo naamka nalo: kwamba vitu vya namna hii thamani yake iko kwenye sanduku, kwenye ile sahihi, na ukishalifungua umeiharibu mwenyewe, wanaojua huwa hawafungui. Akapitisha kidole juu ya sahihi: "Angalia, haina hata mkwaruzo."

Haina mkwaruzo! Ndugu zangu, nilinunua mashine ya kuchezea. Nilinunua mwenzake mtoto wangu. Huyu bwana ananiambia nilinunua sahihi, na sahihi ni nzima, basi deni limekwisha. Mtoto wangu kasimama pale ameinamisha kichwa, anaamini kweli ameharibu kitu cha bingwa. Njiani hakusema neno. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Baba, na yeye mwenyewe amewahi kuicheza?"

Swali hilo lilinikaa. Nikaanza kusoma, na niliyoyakuta nayaweka hapa kwa sababu yanahusu kila mtu anayetaka kununua ubao wenye sura ya mtu maarufu.

Katika mji wetu huuhuu, Hamburg, mwaka 1985, Garry Kasparov alicheza na kompyuta 32 kwa pamoja. Alikuwa na miaka 22, bado hajawa bingwa wa dunia. Alimvua taji Anatoly Karpov, bingwa wa wakati huo, Novemba ya mwaka huohuo. Makampuni manne yalileta mashine zao, na nane kati ya hizo zilikuwa na jina lake mwenyewe, kutoka kampuni ya Saitek. Akazunguka ubao hadi ubao kwa zaidi ya saa tano, akashinda zote, 32 kwa bila. Ameeleza mwenyewe baadaye kwamba mchezo mmoja ulianza kumwendea vibaya, na mashine iliyombana ilikuwa moja ya zile zenye jina lake. Akaona hatari: akitoka sare tu, watu watasema ameuachia ili kuitangaza kampuni. Ikabidi akaze mpaka akaitegeshea kete ya kutoa kafara, ikaila, akaimaliza.

Basi nikamwambia mwanangu: yupo aliyezicheza. Alisimama mbele ya mashine yenye jina lake na akatoka jasho ili isimshinde. Hapo heshima yangu kwa Kasparov ilipanda, kwa sababu siku ile jina lilikuwa na mzigo. Aliyelitia kwenye sanduku alikuwepo mwenyewe, ubao kwa ubao, mbele ya watu. Sahihi ya namna hiyo ningeilipia hata hizo euro 70.

Lakini nikaendelea kusoma, hasira ikarudi. Ndani ya mashine hizi hayumo bingwa. Nyingi zilizouzwa kwa jina la Kasparov miaka ya 1990, programu yake aliiandika Mholanzi anayeitwa Frans Morsch. Za miaka ya 1980 baadhi aliandika Julio Kaplan, aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1967. Morsch huyo ndiye, pamoja na Mathias Feist, aliyeandika Fritz, programu iliyochukua ubingwa wa dunia wa kompyuta Hong Kong mwaka 1995, na katika mashindano hayo ikaifunga mashine ya kampuni ya IBM, ile iliyotangulia kompyuta yao ya sataranji, Deep Blue. Na Deep Blue ndiyo iliyomshinda Kasparov New York, Mei 1997, pointi 3.5 kwa 2.5. Wapenzi wa sataranji wanayajua haya. Mzazi aliyesimama mbele ya kioo cha duka atayajulia wapi? Jina la mwandishi wa programu ya mashine yangu nimelitafuta kwenye sanduku, kwenye kitabu, chini ya ubao pale penye skrubu. Halipo. Aliyemfundisha mwanangu ile kafara ya h7 hajulikani. Anayejulikana ni aliyepigwa picha.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilitaka kuimalizia hapo, lakini si haki, maana kilichomo ndani ni kizuri kweli. Kingejiuza chenyewe, bila kidevu wala ngumi. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa nikitaka kutoa alama. Programu ningeipa tano bila kusita. Imemwinua mwanangu, klabuni sasa anawasumbua watoto wa miaka 14. Ubao, moja, na hiyo kwa sababu ya taa. Duka sina alama ya kulipa.

Niliwaandikia watengenezaji nao, barua pepe ndefu, nikaambatisha picha ya risiti na video ya mtoto akibonyeza f3. Baada ya wiki nyingi wakajibu mistari mitatu: nirudi dukani niliponunua. Chini ya mistari hiyo, picha ileile. Kidevu, ngumi, sahihi ya dhahabu. Sikujua mtu anaweza kuichukia picha kiasi hicho. Mke wangu akanichukulia simu, akasema, "Baba nanihii, kalale." Bingwa hana habari na f3 yangu, hilo nalielewa, na simdai kuja na bisibisi. Ninachomdai ni kimoja: kama uso wake unatosha kunifanya nitoe euro 70 zaidi, basi utoshe pia kumfanya aulize swichi za hao anaowauzia zinadumu miezi mingapi.

Mnaoniuliza mnunue au msinunue: nunueni kompyuta ya sataranji, kwa mtoto asiye na mwenzake ni zawadi kubwa. Chukueni ile isiyo na picha ya mtu. Kabla hamjalipa, fungueni sanduku palepale kaunta na mbonyeze miraba yote 64 muuzaji akiwa anatazama. Akikataa, tokeni. Hivi ndivyo nilivyowaambia wenzangu wa zamu juzi. Lakini mmoja akaniuliza kama ningemuuzia yangu, na nilishangaa nilivyosema hapana haraka.

Kwa sababu mwanangu hajaiacha. Amejifunza kucheza bila f3. Akishika nyeupe, farasi wa mfalme anampeleka e2, au h3 pembeni kabisa, mahali ambapo mwalimu wake wa klabu anakataza. Anahesabu hatua akiwa na f3 kichwani, anaizungushia kete zake ili mashine isipate sababu ya kuingia pale. Maana mashine yenyewe haijui kwamba mraba huo umekufa. Jana jioni, siku yangu ya mapumziko, nilikaa naye. Walifika hatua ya thelathini na kitu, ana askari mmoja zaidi, anaelekea kushinda kwa mara ya kwanza kwenye kiwango kile. Mashine ikafikiri kwa muda mrefu. Kisha taa ya herufi f ikawaka, na taa ya namba 3. Ngome yake inataka kutua pale. Mtoto akaisogeza, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaibonyeza kwa vidole gumba viwili, amesimama kabisa kwenye kiti. Taa mbili zikaendelea kuwaka na kuzima, zinangoja.