Mji wa kuweka nyuma ya daraja: Blosm na ramani huria za Dar es Salaam

Mhandisi anayeandaa picha za 3D za daraja au mfereji hulazimika kuuonyesha pia mji unaouzunguka mradi, kwa kuwa mteja akioneshwa daraja lililosimama juu ya uwanja mweupe hawezi kuukadiria ukubwa wake wala kujua litapakana na nyumba zipi. Nimeitumia Blender, programu ya kuunda picha za 3D, pamoja na programu-jalizi (nyongeza) yake iitwayo Blosm kwa kazi ya namna hiyo katika bonde la Msimbazi, pale Barabara ya Morogoro inapokatiza Jangwani kati ya Magomeni na Kariakoo, na kwa upande wa majengo sina sababu ya kurudi kwenye modeli za kununua.

Matumizi yake ni mepesi. Unachagua eneo kwenye ramani, nayo programu inaleta majengo, barabara na mito kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na wachangiaji, kisha inayainua majengo kwa kufuata urefu au idadi ya ghorofa iliyoandikwa kwenye data. Dar es Salaam ina bahati katika jambo hili, kwani kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa wakachora nyumba na mitaro kata kwa kata, lengo likiwa kukabiliana na mafuriko. Ndiyo maana hata maeneo yaliyobanana kama Tandale yanatokea nyumba kwa nyumba. Awali nilikuwa nimenunua modeli ya mji kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Ilipendeza kwa mbali, lakini mapaa yote yalikuwa bapa, katika mji wa mabati, na faili lenyewe halikuwa na koordinati, yaani namba za kuonyesha mahali halisi, hivyo haikuwezekana kuliweka daraja mahali pake.

Kasoro ya majengo ni urefu. Jengo lisiloandikiwa ghorofa hupewa kimo cha kukadiria, na hapo ghorofa refu la Kariakoo linaweza kulingana na kibanda cha jirani. Nilijaza mapengo hayo kwa data ya Google iitwayo Open Buildings 2.5D, iliyotolewa mwaka 2024, ambayo inakadiria vimo kutokana na picha za satelaiti za kati ya 2016 na 2023. Kwa majengo yanayoonekana mbele kabisa ya picha sikuridhika na makadirio. Nilikwenda kwa miguu, nikahesabu ghorofa, nikaipa kila moja mita 3.

Ardhi ndiyo iliyonitoa jasho. Kwa vimo vya ardhi kuna data mbili za dunia nzima: ya SRTM ilikusanywa kwa rada kutoka chombo cha angani Februari 2000, na Copernicus GLO-30 imetokana na vipimo vya satelaiti vya miaka ya 2011 hadi 2015. Zote mbili zina nukta moja kwa kila mita 30 hivi, na zote mbili zinapima kile ambacho rada imekigusa kwanza, yaani paa la nyumba au kilele cha mti, wala si udongo ulio chini yake. Ukizipandisha nyumba juu ya uso wa namna hiyo, umeziinua mara mbili. Penye vilima kosa hilo halisumbui macho, lakini Jangwani, ambako kingo na kitako cha bonde vinatofautiana kwa mita chache tu, kosa la mita mbili au tatu linatosha kulifuta bonde lote na kuufanya mto uonekane ukipanda mlima. Mtu asithubutu kuitumia data hiyo kuonyesha kina cha mafuriko, hata kwa picha ya kupendezesha ripoti.

Nilichofanya ni kutumia kontua (mistari ya vimo) za mpimaji wa mradi ndani ya eneo la kazi, na Copernicus, iliyo bora kuliko SRTM, kwa mandhari ya mbali peke yake. Mpaka wa data hizo mbili unahitaji kulainishwa kwa mkono, kazi iliyonichukua siku nzima. Jihadhari pia na michoro ya zamani: mingi imechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordinati, na ukiichanganya na data ya WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, bila kuibadilisha, daraja litahama takriban mita 300 na kuangukia sebuleni kwa mtu. Mimi huhamishia kila kitu kwenye UTM, koordinati zinazohesabiwa kwa mita, kanda ya 37 kusini kabla ya kufungua Blender.

Toleo la msingi la Blosm halilipiwi. La kulipia linaongeza kuta zenye madirisha, jambo ambalo kwa picha za kihandisi sikuliona la lazima, kwa kuwa majengo ya kijivu yanaliachia daraja nafasi ya kuonekana. Leseni ya OpenStreetMap inaruhusu hata kazi ya biashara mradi wachangiaji watajwe, nami huwataja kwenye kona ya chini ya kila picha, kwa maandishi yanayosomeka.