TAHADHARI: Ukishuka Bohol ukaambiwa "leo hakuna basi", usisimame

Wadau, hasa nyie mlioko Ghuba mnaopanga likizo Ufilipino kwa sababu wenzenu wa kazini wamewasifia kwao, someni hii kabla hamjapanda boti. Nimepigwa. Si pesa ya kuniangusha, lakini nimepigwa kwa njia ya kijinga kiasi kwamba wiki nzima nilikuwa naona aibu kuisimulia. Nimeona bora aibu iwe yangu peke yangu.

Nafanya kazi mapokezi ya hoteli, Doha. Nusu ya zamu yetu ni Wafilipino, na mmoja wao ni mtu wa Bohol. Miaka mitatu ananiimbia kisiwa chao, mpaka mwezi wa tano nikakata tiketi. Mtanzania au Mkenya haombi viza kwa siku 30, mradi awe na tiketi ya kutoka na pasi yenye uhai wa miezi sita. Mpango wangu ulikuwa kuzunguka mwenyewe, begi mgongoni, kwa usafiri wa umma tu. Mtu niliyekulia kwenye daladala za Mbagala nitashindwa nini?

Kutoka Cebu, kisiwa cha jirani, mpaka Tagbilaran, makao makuu ya mkoa wa Bohol, ni saa mbili kwa boti ya kasi, kama Dar na Unguja vile. Nilishuka saa nne kasoro asubuhi. Nilitaka kwenda Carmen, kwenye vile vilima maarufu vya Chocolate Hills, kilometa hamsini na ushee kutoka gatini. Rafiki yangu alishanielekeza: panda traisikeli (ile pikipiki yenye kibanda ubavuni) mpaka stendi ya Dao, karibu na Island City Mall, kisha uliza basi la Carmen. Basi. Maelekezo yanaenea kwenye kiganja.

Nje ya geti nikakutana na wapigadebe, kama Ubungo ya zamani. Niliwapita wote isipokuwa mmoja, kwa kuwa yeye hakupiga kelele. Alivaa shati la kola lililopigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni kina neno la utalii, na mkononi ana karatasi lenye picha za vilima, limewekewa plastiki. Akaniuliza kwa upole naelekea wapi. Nikasema Carmen. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari.

"Leo hakuna basi, madamu. Ni fiesta. Madereva wote wako makwao wanakula."

Uongo huo ni mzuri kwa sababu umeshonewa kwenye kitambaa cha kweli. Mei mzima Bohol ni mwezi wa fiesta. Tagbilaran wenyewe husherehekea tarehe mosi, kisha miji mingine hupokezana, na wenyeji walioko nje hurudi nyumbani kula na jamaa zao. Vibendera vya rangi nilikuwa naviona juu ya barabara kwa macho yangu. Nikaamini. Hata simu sikumpigia rafiki yangu, ambaye angecheka na kunipeleka Dao.

Akaniambia nina bahati, binamu yake ana pikipiki na anakwenda upande huo huo. Nikauliza bei. Akasema: "One-five."

Hapo ndipo ilipo sindano, naomba mtulie. Mimi kichwani nikasikia mia na hamsini. Nilishaambiwa nauli ya basi ni peso mia moja na kitu, nikaona pikipiki imezidi kidogo, sawa. Kumbe kwa Wafilipino ukisema "one-five" kwenye bei ya maana, ni 1,500. "Two-five" ni 2,500. Ni kama mchuuzi wa Kariakoo anavyokwambia "thelathini" na wewe unajua bila kuuliza kuwa ni elfu. Mwenyeji haulizi, mgeni anasikia anachotaka kusikia. Kilometa hamsini na kitu juu ya pikipiki kwa shilingi elfu saba! Hata Dar haipo, na mimi nikaona sawa.

Binamu akalichukua begi langu, akalitia kwenye sanduku la nyuma ya siti, akafunga kwa ufunguo. Pasi yangu ilikuwa humo. Safari ikaanza.

Hatujafika mbali akasimama Bool, penye sanamu za mapatano ya damu ya mwaka 1565 kati ya Mhispania Legazpi na Datu (yaani chifu) Sikatuna. Sikuomba kusimama. Nikapiga picha kwa kuwa nimeshafika. Mbele kidogo akasimama tena Baclayon, kwenye kanisa la kale la mawe ya matumbawe. Hapa sitasema uongo, nilifurahi. Ukuta ule ukiugusa ni kama uko Mji Mkongwe, jiwe lile lile lenye matundu ya bahari. Tetemeko la Oktoba 2013 liliumiza makanisa mengi ya kisiwa hiki, na hili lilihitaji matengenezo ya miaka. Kisha akanisimamisha kwenye duka la zawadi, ambako muuzaji alimsalimia kama mtu aliyeonana naye jana. Nikanunua chupa ya maji tu, nikaona uso wa binamu umebadilika.

Tulipopita Loay na kuanza kukunja kuelekea Loboc, nikasikia honi nyuma yetu. Binamu akabana pembeni. Likatupita basi, madirisha wazi, limejaa watu na vikapu, na kwenye kioo cha mbele kibao kikubwa: CARMEN. Konda alikuwa amesimama mlangoni, taulo shingoni, mkono mmoja kwenye bomba. Akaniona navyoliangalia basi lake, akanipungia.

Nikamgonga binamu begani: lile ni nini? Akajibu bila kugeuka kwamba lile ni la watu wa fiesta.

Bilar kuna msitu wa miti ya mahogani uliopandwa na watu, barabara inapita katikati kama pango la kijani, baridi inakushika ghafla baada ya jua lile la Mei. Nilimwomba asimame dakika moja nipige picha. Mlikumbuke hilo ombi, linakuja kwenye bili.

Carmen, kwenye njia panda ya kupandia vilimani, akazima pikipiki na kutoa simu. Akaniandikia hesabu kwenye kikokotoo, polepole, kama mwalimu wa darasa la pili. Bei ilikuwa 1,500 kwa kila kituo. Vituo ni Bool, Baclayon, duka, msituni. Jumla 6,000. Carmen yenyewe, akasema, ni zawadi.

Shilingi laki mbili na nusu na zaidi. Nikacheka nikidhani ni utani. Hakucheka. Nikasema mimi nilielewa 150. Akasema muulize ndugu yangu wa gatini, sote tulisikia. Nikaomba begi. Akagonga sanduku kwa kidole na kusema: baada ya malipo. Akaongeza kwamba kama sina taslimu, naweza kutuma kwa GCash, ile pesa ya simu ya kwao.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa akiuza maji na kalamay, ile halua yao ya mchele wa kunata na nazi inayofungiwa ndani ya vifuu viwili vilivyounganishwa kwa karatasi nyekundu. Alikuwa ametuangalia muda wote huku akipepea nzi. Akauliza neno moja: "Pila?" Yaani, ngapi? Nikamwonyesha vidole sita. Mama akaweka chini kile alichokuwa akipepea.

Sikuelewa alichosema, ila nilielewa kila kitu. Alikuwa anamwita "Dong", kama sisi tunavyomwita mtoto wa mwenzetu "wee kijana", na kila "Dong" ilikuwa inapanda sauti. Madereva wawili wa traisikeli wakasogea. Bei ikashuka mpaka 4,000, ikashuka 3,000, ikakwama kwenye 2,500. Nikalipa, kwa sababu nilitaka pasi yangu kuliko nilivyotaka haki. Sanduku likafunguliwa. Mama akaniambia "Day", ambayo nimekuja kujua ni kama kumwita msichana "mwanangu", akaninyooshea kidole barabarani: basi la kurudi linasimama pale. Hakutaka nimnunulie chochote, nikanunua hata hivyo.

Vilima nilivipanda, ngazi ni zaidi ya mia mbili. Vipo zaidi ya 1,200, na mwezi ule vimekauka vikawa rangi ya chokoleti kama jina lao. Siku nyingine nitaandika.

Basi la kurudi lilifika baada ya dakika ishirini hivi, na mlangoni nani? Konda yule yule na taulo lake. Akanitambua, akaangua kicheko, akanitobolea tiketi. Nauli haikufika peso 150. Yaani ile bei niliyoisikia kichwani asubuhi ipo kweli Bohol, ila ni ya basi.

Sasa, mchezo wenyewe unavyochezwa. Wa gatini na wa pikipiki ni kitu kimoja, binamu au si binamu. Wa kwanza kazi yake ni kuua basi kwenye akili yako. Leo ni fiesta, siku nyingine atasema Jumapili, mvua, mgomo, basi la mwisho limeondoka. Atataja bei kwa mdomo tu, kamwe haiandiki. Karatasi lake zuri lina picha, namba za bei zimefutika futika. Wa pili kazi yake ni begi. Ukishalitoa mgongoni, mazungumzo yote yanayofuata yanafanyika ukiwa umefungwa.

Kwa hiyo mtu yeyote wa nje ya geti akikwambia hakuna usafiri, jibu ni "asante" na miguu iendelee. Anayejua kama kuna basi ni aliye stendi. Nenda Dao, uliza dirishani au muulize konda. Ukipanda pikipiki au traisikeli, mwenye chombo aiandike bei kwenye simu yako, jumla yote, kwa safari nzima, na upige picha ya skrini. Traisikeli zina namba kubwa iliyochorwa kwenye kibanda, ipige picha mbele yake bila aibu. Nauli zake hupangwa na halmashauri ya mji, kwa hiyo ipo bei rasmi ya kuulizia. Gari la abiria lina kibao cha namba cha njano. Pikipiki ya yule bwana haikuwa nacho, na mimi niliona, nikanyamaza. Begi lenye pasi halitoki mgongoni. Mambo yakichacha, 911 inafanya kazi nchi nzima kule, na kuitaja tu kwa sauti kunasaidia. Mimi nilisahau kabisa kwamba ipo.

Kingine kidogo, kabla hata hujafika. Kuingia Ufilipino unajaza fomu ya mtandaoni ya eTravel ndani ya saa 72 kabla ya kutua. Ni bure. Bure kabisa. Zipo tovuti zinazofanana nayo zinazokutoza dola na kukusanya taarifa za pasi yako. Ya serikali anwani yake ni etravel.gov.ph. Ukiombwa kadi ya benki, funga ukurasa. Mwenzetu mmoja hapa Doha alishalipa kabla sijamwambia.

Msije mkawachukia watu wa Bohol kwa ajili ya wawili. Kesho yake nilipanda jipni, lile gari refu lenye mabenchi mawili yanayotazamana. Nimekaa mwisho kabisa, dereva yuko mbele. Nikatoa noti ya mia, nikasema "palihog", yaani tafadhali, kama nilivyofundishwa, ikapita mikononi mwa watu watano nisiowajua mpaka kwa dereva. Chenji ikarudi njia ile ile, sarafu kwa sarafu, haikupungua hata moja. Ukitaka kushuka unasema "lugar lang". Nauli wanaiita "plete". Ukiuliza "pila ang plete?" badala ya Kiingereza, hata mpigadebe anakutazama upya. Na nyuma ya traisikeli zao wameandika aya za Biblia, kama daladala zetu na misemo yake, ukikaa kwenye foleni unasoma mahubiri.

Taarifa nimeshaipeleka kwenye dawati la utalii la gatini, na namba ya pikipiki nimewaachia wao. Siiweki hapa. Ila nilipokuwa najipiga picha pale Tagbilaran kwa furaha ya kufika, lile karatasi lenye plastiki limeonekana nyuma yangu vizuri tu. Mwenye safari ya Bohol karibuni aniandikie, nitamtumia hicho kipande, alijue likimjia.