Saa ya Mama: miezi mitatu sebuleni

Niliinunua Februari katika duka moja la vifaa vya umeme hapa Kisumu, shilingi 4,200 baada ya kuvutana bei. Ina kioo kipana kinachoonyesha siku, tarehe na kama ni asubuhi au jioni, pamoja na kengele nne za dawa. Mama ana miaka 81, na kabla chai ya saa nne haijaiva atakuwa ameshauliza mara kumi kama leo ni Jumapili.

Kioo sina neno nacho. Anakisoma bila miwani. Maandishi ni ya Kiingereza tu, ila hilo halikumsumbua. Tatizo ni stima: ikipotea, saa inarudi tarehe 1 Januari. Siku moja Mama akatuuliza mbona hatujachinja kuku wa Mwaka Mpya.

Kengele sasa, hiyo ni balaa. Siku ya kwanza ilimshtua akamwaga uji mapajani. Kesho yake hakukumbuka lolote, akaniuliza saa ni ya nani, lakini akakataa katakata kuketi karibu nayo. "Siipendi tu." Nilisomea saikolojia zamani kidogo, nikamkumbuka Claparède, daktari wa Geneva. Mnamo 1911 alieleza jinsi alivyoficha pini mkononi akamsalimia mgonjwa asiyeweza kukumbuka mapya. Baadaye mgonjwa yule alikataa kumpa mkono, na sababu haijui.

Kosa jingine lilikuwa langu. Niliiweka kwenye meza mpya kando ya televisheni, naye hakuitazama hata mara moja. Tangu 1881 Mfaransa Théodule Ribot alishaandika kwamba kumbukumbu mpya hutangulia kupotea, za kale zikabaki. Mama bado anakutajia bei ya ngege soko la Jubilee enzi akiuza samaki, mafungu kwa mafungu. Meza ya mwaka huu ataijulia wapi?

Basi nikanunua ekstensheni, nikaitundika saa kwenye msumari ulioshika kalenda ya kanisa miaka ishirini. Siku ya tatu nikamwona ameinua macho pale. Shingo inajua njia yenyewe. Swali la Jumapili amelipunguza hadi mara tatu au nne.

Nyota tatu kati ya tano. Ukienda kununua, tafuta yenye betri ya akiba. Kengele nimezizima zote, dawa nampa mwenyewe, na wajukuu wakijaribu kuziwasha Dani, yaani nyanya yao, anawafukuza.